Somo la Sayansi: Kupima Magamba ya Supakondakta kwa Ncha ya Sindano

Wasomaji wetu, ninyi mlio darasani pamoja na wakubwa zetu mliokwisha kutoka shuleni, somo la safari hii lahusu umeme, baridi kali, na sindano ambayo kazi yake yote hufanywa na atomi moja ya mwisho katika ncha yake. Tutaona jinsi wataalamu wanavyobandua gamba la jiwe, jembamba kuliko gamba la ndagala mara maelfu, na jinsi wanavyolipima ili wajue elektroni zapitaje ndani yake bila kupoteza nguvu.

Huenda mtu wa Kigwena akauliza, "Mambo hayo yatuhusu nini sisi wa mwambao wa Tanganyika, watu wa michikichi na nyavu?" Yatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, umeme wetu hutoka mbali. Kituo cha maporomoko ya Rusumo, katika mto Kagera mpakani mwa Rwanda na Tanzania, kimejengwa ili kitoe megawati 80 za kugawanywa baina ya nchi hizo mbili na Burundi. Umeme huo husafiri kwa nyaya juu ya milima mingi, na njiani sehemu yake hupotea kwa kugeuka joto. Pili, baadhi ya vitu tutakavyovitaja humu hutoka katika mawe ya nchi zetu. Koltani huchimbwa Kabarore upande wa Kayanza, huchimbwa Rwanda, na huchimbwa Rubaya katika Kivu ya Kaskazini. Grafiti, ambayo ndiyo ile nyeusi ya kalamu ya risasi, iko Merelani na Mahenge huko Tanzania. Mawe haya huondoka kwetu ndani ya magunia. Si vyema yaondoke pasipo sisi kujua yaweza kumfundisha mtu nini.

1. SUPAKONDAKTA NI NINI?

Neno kondakta hapa si yule anayekusanya nauli katika basi la Bujumbura. Ni kitu chochote kinachopitisha umeme, kama waya wa shaba. Umeme katika waya ni elektroni zinazotembea. Lakini njia yao si nyeupe: atomi za shaba hutetemeka kwa sababu ya joto, tena kuna kasoro hapa na pale, basi elektroni hujigonga na kupoteza nguvu. Nguvu hiyo hugeuka joto. Katika pasi ya umeme joto hilo ndilo tulitakalo. Katika waya wa kutoka Rusumo ni hasara tupu.

Mwaka 1908 Profesa Heike Kamerlingh Onnes, Mholanzi wa mji wa Leiden, alifaulu kuigeuza gesi ya heliamu kuwa maji. Maji hayo huchemka kwenye nyuzi 269 za sentigredi chini ya sifuri. Wataalamu hupima baridi ya namna hii kwa kelvini. Kelvini 0 ni mwisho wa baridi yote, nayo ni karibu nyuzi 273 chini ya sifuri ya sentigredi. Basi heliamu ya maji ina kelvini 4.2.

Mwaka 1911 bwana huyo na wasaidizi wake walipima waya wa zebaki iliyogandishwa ndani ya baridi hiyo. Walitazamia kwamba uzuizi wa umeme utapungua polepole. Haukupungua polepole, ulitoweka ghafula. Kitu chenye tabia hiyo tutakiita supakondakta. Mkondo ukianzishwa katika pete ya supakondakta huzunguka na kuzunguka bila betri. Tena mwaka 1933 Wajerumani wawili, Meissner na Ochsenfeld, waligundua kwamba supakondakta huifukuza nguvu ya sumaku itoke ndani yake.

Sasa tazameni koltani yetu. Ndani yake mna metali mbili zilizo ndugu: niobi na tantali. Zote mbili ni supakondakta. Niobi huanza tabia hiyo inapopozwa hadi kelvini 9.2, na tantali karibu kelvini 4.5. Nyaya za niobi iliyochanganywa na titani ndizo zilizomo katika sumaku za mashine kubwa za MRI, zinazotumika hospitalini kupiga picha za ndani ya mwili. Mgonjwa anayelazwa katika mashine hiyo huko Nairobi au Dar es Salaam amezungukwa na supakondakta, ingawa hapati habari.

2. JOZI ZA ELEKTRONI

Miaka 46 ilipita tangu kazi ya Leiden kabla sababu haijajulikana vizuri. Mwaka 1957 Wamarekani watatu, Bardeen, Cooper na Schrieffer, walieleza kwamba katika supakondakta elektroni haziendi moja moja. Huenda jozi jozi. Elektroni moja ipitapo huzivuta kidogo atomi za jirani, na mvuto huo humleta mwenzake. Jozi zote hufuata mwendo mmoja, kama wapiga makasia wanaofuata wimbo mmoja. Ili kuipotosha jozi moja kutoka katika mwendo huo lazima uivunje, na kuivunja kuna gharama ya nishati.

Gharama hiyo ndiyo shina la somo letu, basi tuiangalie sana. Fikirini nyumba yenye ngazi pande zote, na katika kila ngazi vidato vya chini vimeng'olewa. Atakaye kupanda lazima aruke mpaka kidato cha kwanza kilichobaki. Elektroni iliyo pekee, ikitaka kuingia katika supakondakta, iko katika hali hiyo: pasipo nishati ya kutosha haipati pa kukanyaga. Mahali hapo pasipo vidato wataalamu hupaita pengo la nishati. Mwaka 1960 Ivar Giaever, mzaliwa wa Norway aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alilipima pengo hilo kwa kupitisha elektroni katika utando mwembamba sana uliotenga vipande viwili vya metali. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1973.

Mpaka hapo mambo yalikuwa sawa. Kisha mwaka 1986 Bednorz na Müller, katika maabara ya IBM karibu na Zurich, Uswisi, waligundua supakondakta katika namna ya kauri yenye shaba na oksijeni. Kwa kawaida kauri haipitishi umeme, kama vile vikombe vyetu vya chai. Mwaka 1987 kauri nyingine ya jamii hiyo ilionekana kuwa supakondakta kwa kelvini 93. Baridi hiyo hupatikana kwa naitrojeni ya maji, ambayo ni rahisi mno kuliko heliamu. Mwaka 1988 huko Japani iligunduliwa kauri ya bismuthi, ambayo hubanduka vipande vyembamba kama kurasa za kitabu.

Maelezo ya mwaka 1957 hayakutosha kwa kauri hizi. Ni jozi, naam, lakini ni nini kinachozifunga kwa nguvu namna hiyo? Ndizo tunazoziita supakondakta zisizo za kawaida. Mpaka leo wataalamu hawajakubaliana juu ya jibu. Anayetaka kutengeneza supakondakta isiyohitaji baridi kali, itakayoweza kutandikwa kutoka Rusumo hadi Rumonge, analihitaji sana jibu hilo.

3. UMBO LA PENGO: SUFURIA NA FANELI

Kama hatuwezi kuiona gundi ya jozi, twaweza kulitazama umbo la pengo. Rudini kwenye ile nyumba ya ngazi.

Katika supakondakta ya kawaida, pande zote za nyumba vidato vimeng'olewa kwa usawa. Mtu asiyeweza kuruka vya kutosha hapandi popote. Mtaalamu akichora mstari wa vipimo vyake, mlalo ukiwa volti na wima ukiwa jinsi mkondo unavyoongezeka volti inapoongezwa kidogo, hupata umbo lenye kitako bapa na kuta zilizosimama, kama sufuria. Hilo huitwa umbo la U.

Katika kauri za shaba nyumba ni nyingine. Pande nne zina mapengo makubwa, lakini kwenye pembe nne za nyumba hakuna kidato kilichong'olewa hata kimoja. Hata mtoto mdogo hupanda hapo. Kwa hiyo mkondo mdogo hupita hata kwa volti ndogo sana, na mstari hushuka mpaka nukta moja, kama faneli ya kutilia mawese chupani. Hilo ni umbo la V.

Basi kanuni ya kukumbuka ni hii: sufuria yatuambia kwamba jozi zimefungwa sawasawa pande zote, faneli yatuambia kuna pande ambazo kifungo ni sifuri. Anayejua umbo la kifungo amekwisha kuwaondoa wengi katika orodha ya washukiwa.

4. HADUBINI YA SINDANO

Pengo hupimwaje mahali padogo, atomi kwa atomi? Mwaka 1981 Gerd Binnig na Heinrich Rohrer, katika maabara ile ile ya Zurich, walitengeneza hadubini isiyo na kioo wala taa. Mwaka 1986 walishirikishwa Tuzo ya Nobel.

Mvuvi atakaye kujua kina hushusha kamba yenye risasi. Akipima mahali pengi huweza kuchora ramani ya chini ya ziwa ambayo jicho lake halijaiona. Hadubini hii hufanya vivyo hivyo, ila kamba yake haigusi chini. Sindano ya metali husogezwa karibu na jiwe mpaka mwanya ubaki chini ya nanomita 1. (Milimita moja ina nanomita 1,000,000.) Kisha hutiwa volti kidogo. Kwa mawazo ya kawaida umeme haungepita, kwa kuwa sindano haikugusa. Lakini elektroni ina tabia ya wimbi, na wimbi halikomi ghafula ukutani. Sauti ya jirani husikika chumba cha pili ijapokuwa ukuta hauna tundu. Ukuta ukiwa mnene sauti hufifia. Kadhalika elektroni chache hupenya katika ule mwanya.

Uzuri wa jambo hili ni kwamba mpenyo hubadilika upesi sana. Ukiongeza mwanya kwa nanomita 0.1 tu, mkondo hupungua karibu mara kumi, ukiongeza 0.2, karibu mara mia. Kwa sababu hiyo atomi moja iliyo chini kuliko nyingine kwenye ncha ndiyo inayobeba karibu mkondo wote. Sindano huongozwa na fuwele za piezo, ambazo hurefuka au kufupika kwa kiasi kidogo mno zinapotiwa volti.

Hadubini hii ina kazi mbili. Ya kwanza ni kutembeza sindano juu ya jiwe na kuchora vilima na mabonde ya atomi. Ya pili ndiyo kubwa kwetu: kuisimamisha sindano juu ya atomi moja, kuibadilisha volti polepole, na kuandika jinsi mkondo unavyobadilika. Hapo ndipo sufuria au faneli hujitokeza.

5. KWA NINI MAGAMBA?

Mtu aweza kuuliza, "Kama kuna fuwele nene, ya nini kuhangaika na magamba?" Sababu ni tatu.

(a) Kujua makao ya jozi. Kauri ya bismuthi ina tabaka juu ya tabaka, na tabaka moja lina unene wa nanomita 1.5 hivi. Matabaka zaidi ya 60,000 yakipangwa hufikia unene wa karatasi moja. Je, jozi zaweza kuishi katika tabaka moja peke yake, au zahitaji majirani? Utajua tu ukilitenga hilo moja.

(b) Kuongeza na kupunguza elektroni. Gamba likilazwa juu ya bamba la metali, katikati pakiwa na kitu kisichopitisha umeme, volti ya bamba huweza kuingiza elektroni katika gamba au kuzitoa. Katika fuwele nene elektroni hizo hubaki upande mmoja tu, na sindano iliyo juu haipati habari zake. Katika gamba jembamba hufika kote. Mtaalamu basi ana kitu kama bomba lenye koki: hufungua na kufunga, naye hutazama pengo likizaliwa na kufa katika kipande kile kile.

(c) Kupanga na kuzungusha. Magamba mawili yaweza kuwekwa moja juu ya jingine kwa pembe utakayo. Kwa njia hii vimepatikana vitu ambavyo haviko katika jiwe lolote la asili.

Ufundi wa kubandua magamba ulipata sifa mwaka 2004, wakati Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Manchester, Uingereza, walipopata tabaka moja la atomi za kaboni kutoka katika grafiti. Chombo chao kikuu kilikuwa utepe wa kunata, kama ule wa kufungia bahasha. Mwaka 2010 walipewa Tuzo ya Nobel.

6. TAABU ZA KAZI HII

Wanafunzi wasidhani kwamba kazi ni kubandua na kupima tu. Kuna maadui wanne.

Adui wa kwanza ni udogo. Gamba zuri huenda likawa na upana wa milimita 0.02, nalo limelala juu ya kibao cha milimita kadhaa. Sindano huweza kuchora eneo dogo tu kwa mara moja, nayo haina macho. Ni kama kutafuta mtumbwi mmoja ziwani, usiku usio na mwezi, kwa kupapasa kwa upondo. Tena kibao kinachozunguka gamba kwa kawaida hakipitishi umeme; sindano ikishuka hapo haipati mkondo, huendelea kushuka, na ncha huvunjika. Mwaka 2011 Profesa Eva Andrei na wenzake wa chuo kikuu cha Rutgers, Marekani, walionyesha njia ya kuiongoza sindano kwa kusikiliza mabadiliko madogo ya umeme baina yake na gamba, mpaka ifike juu yake.

Adui wa pili ni hewa. Fuwele nene yaweza kupasuliwa ndani ya chombo kilichotolewa hewa yote, uso mpya ukatokea ukiwa safi. Gamba halina uso wa akiba. Oksijeni na unyevu huliharibu tabaka la juu, na pengine tabaka la juu ndilo gamba lote. Kwa hiyo mafundi hufanya kazi ndani ya masanduku yaliyojaa gesi ya agoni, wakiingiza mikono katika glavu ndefu.

Adui wa tatu ni mtetemo. Lori likipita katika barabara ya Bujumbura na Nyanza-Lac, maji ya glasi mezani hutikisika. Mtikisiko mdogo kuliko huo mara nyingi sana watosha kuigongesha sindano. Ndiyo maana hadubini huning'inizwa kwa springi na kusimamishwa juu ya misingi mizito.

Adui wa nne ni joto. Joto huzipa elektroni nishati kidogo zisizoipata kwa volti, nazo huruka mahali zisipopaswa. Mstari wa vipimo hufifia kama maandishi yaliyomwagikiwa maji. Pengo la kauri za shaba ni kubwa, basi baridi ya heliamu ya maji hutosha. Lakini pengo la vitu vingine ni dogo kuliko hilo mara themanini na zaidi. Kwa hivyo lazima kushuka chini ya kelvini 1. Asiyefanya hivyo huenda akaona faneli mahali palipo na sufuria iliyofifia kingo.

7. YALIYOONEKANA MPAKA SASA

Mwaka 2000 Profesa Séamus Davis na wenzake wa Berkeley waliitazama fuwele ya bismuthi iliyotiwa atomi chache za zinki mahali pa shaba. Kila zinki ilivuruga jozi zilizo karibu, na elektroni zilizovurugwa zilitokea katika ramani kama msalaba wenye mikono minne. Mikono ilielekea kule kule ambako pengo ni sifuri. Zile pembe nne za nyumba yetu zilionekana kwa macho, tuseme.

Mwaka 2019 Profesa Yuanbo Zhang na wenzake wa chuo kikuu cha Fudan, Shanghai, walitenga tabaka moja la kauri hiyo, wakilihifadhi ndani ya agoni. Walipitisha umeme, tena wakapima kwa sindano. Tabaka moja lilikuwa supakondakta karibu kwa baridi ile ile ya fuwele nene. Hapo swali la (a) hapo juu lilijibiwa: siri yote imo ndani ya tabaka moja, haihitaji majirani.

Habari ya tatu yatoka katika kalamu ya risasi. Mwaka 2018 Yuan Cao, Pablo Jarillo-Herrero na wenzao wa MIT, Marekani, waliweka matabaka mawili ya kaboni moja juu ya jingine, wakalizungusha la juu kwa digrii 1.1. Kwa kupandisha na kushusha idadi ya elektroni walipata supakondakta ya kelvini 1.7. Mwaka 2021 Profesa Ali Yazdani na wenzake wa Princeton walipeleka sindano juu ya magamba hayo. Waliona faneli.

Hapa kuna mafunzo makubwa ya hekima ya upimaji. Pengo peke yake si ushahidi wa supakondakta, kwa maana elektroni zaweza kujipanga kwa namna nyingine nazo zikaacha pengo. Watu wa Princeton hawakuridhika. Waliongeza joto na sumaku mpaka supakondakta ikafa, nao wakakuta kuna pengo jingine lililobaki. Kisha waliishusha sindano mpaka ikagusa gamba. Katika hali hiyo, kama kweli mna jozi, elektroni inayoingia humvuta mwenzake waingie pamoja, na mkondo huongezeka. Dalili hiyo waliiona wakati wa supakondakta, na ilipokufa hawakuiona tena. Kwa njia hiyo waliyatenga mapengo mawili yaliyofanana sura.

Ya nne ni habari ya tantali, ile ya koltani. Tantali na salfa vikiokwa pamoja kwa ustadi hutoa fuwele yenye matabaka ya aina mbili yanayopishana, nayo ni supakondakta kwa kelvini 2.7 hivi. Mwaka 2020 watafiti walieleza dalili za kwamba jozi zake si za kawaida. Mwaka 2021 watafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, waliipima kwa sindano. Kwenye kingo za vidato vya uso wake walikuta elektroni zikipita ukingoni ndani ya pengo, kama maji yafuatayo mfereji. Bado wataalamu wanabishana juu ya maana yake. Lakini yatosha kujua kwamba metali ambayo huko Kabarore na Rubaya hutolewa kwa sururu na karai ni moja ya vitu vinavyowakesha wanasayansi duniani.

8. MAJARIBIO MAWILI YA NYUMBANI

Jaribio la kwanza. Paka kalamu ya risasi kwenye karatasi kwa nguvu mpaka ing'ae. Bandika utepe wa kunata, ubandue, kisha ukunje utepe na kuufungua mara kumi, kila mara ukigusisha mahali papya. Weusi utazidi kufifia, maana kila mara grafiti hugawanyika. Huko ndiko walikoanzia watu wa Manchester.

Jaribio la pili. Chukua vipande viwili vya chandarua, au vya wavu mwembamba wa ndagala. Viweke kimoja juu ya kingine mbele ya mwanga, kisha kizungushe cha juu kidogo kidogo. Utaona madoa makubwa yakitokea, makubwa kuliko matundu ya wavu. Na kadiri pembe inavyokuwa ndogo ndivyo madoa yanavyokuwa makubwa. Katika kaboni ya digrii 1.1, madoa hayo huachana kwa nanomita 13 hivi, yaani mara 50 ya marudio ya atomi zenyewe. Elektroni huishi katika madoa hayo, nazo hupunguza mwendo na kuhisiana sana.

Wakubwa zetu walio mafundi wa umeme, walimu au wauguzi wanaweza kuwasaidia vijana kwa majaribio haya, kwa kuwa hayahitaji fedha. Kwa mwanafunzi mwenyewe shauri ni moja: ashike sana hesabu za mawimbi na somo la umeme. Hayo mawili ndiyo mlango wa mambo yote yaliyosemwa humu. Gundi ya jozi haijapatikana, na haikuandikwa popote kwamba atakayeipata asiwe mtu wa mwambao huu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini sehemu ya umeme wa Rusumo hupotea njiani, na kwa nini isingepotea katika waya wa supakondakta?
2. Geuza kelvini 93 kuwa nyuzi za sentigredi.
3. Sindano iko umbali wa nanomita 0.6 kutoka kwenye jiwe. Ikisogezwa mpaka nanomita 0.9, mkondo utapungua karibu mara ngapi?
4. Eleza kwa maneno yako, ukitumia mfano wa nyumba ya ngazi, tofauti ya umbo la U na umbo la V.
5. Mtu amepima gamba kwa kelvini 4.2 akaona faneli. Mpe sababu mbili za kutosadiki upesi kwamba amepata supakondakta isiyo ya kawaida, na umwambie afanye nini baadaye.
6. Taja metali mbili za koltani na baridi ambayo kila moja huanza kuwa supakondakta.